Mahindi lishe: ikinge mbegu yako na chavua ya jirani

Mkulima akisikia habari za mahindi lishe, yaani mahindi yenye protini bora, huuliza mambo mawili: yanazaa? Na je, si GMO hayo, mazao yaliyobadilishwa jeni maabara?

Kwa la pili, jibu ni hapana. Jeni inayoyapa sifa yake, opaque-2, ilijitokeza yenyewe ndani ya mahindi. Mwaka 1964 Edwin Mertz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitangaza kuwa mahindi yenye jeni hiyo yana laizini nyingi zaidi kuliko ya kawaida. Laizini na mwenzake triptofani ni viungo vya protini ambavyo mwili wa mtu, wa kuku na wa nguruwe hauwezi kujitengenezea, na ugali wa kawaida unavyo kwa uchache mno. Mahindi lishe huwa navyo karibu mara mbili. Kiasi cha protini kwenye debe hakibadiliki sana; kinachobadilika ni ubora wake. Punje ya kawaida hujaa zeini, protini ambayo karibu haina laizini kabisa. Opaque-2 huipunguza zeini, nafasi yake ikashikwa na protini zilizo bora.

Kuhusu kuzaa, wakulima wa mwanzo walikuwa na haki ya kulalamika. Punje zilikuwa laini, nyepesi, zimefifia kama chaki, na fukusi walizimaliza ghalani. Surinder Vasal na Evangelina Villegas wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano kilichoko Mexico, walitumia miaka mingi kuchambua na kuzalisha mahindi yenye punje ngumu bila kupoteza laizini, kazi iliyowapa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000. Ghana walikuwa wameshatoa aina yao ya mahindi lishe, Obatanpa, mwaka 1992. Kwetu Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa kituo cha kilimo cha Selian, Arusha, walileta aina za Lishe-K1, Lishe-H1 na Lishe-H2.

Sasa ukiweka kiganjani punje ya mahindi lishe na ya mahindi ya kawaida, kwa macho huzitofautishi. Ni sifa nzuri sokoni, ila shambani ndiyo inayowaponza wengi: lishe inaweza kupotea na mahindi yakabaki vilevile kwa sura.

Hupoteaje? Opaque-2 hunyamaza ikichanganyika na jeni ya kawaida. Chukua hindi bichi, limenye taratibu uangalie ndevu zake: kila unywele unashuka hadi kwenye punje moja. Chavua kutoka shamba la jirani ikiangukia unywele mmoja, punje ile moja inarudi kuwa ya kawaida, msimu huohuo, huku punje ya pembeni yake ikibaki ya lishe. Kwa chakula hasara si kubwa, kwa sababu chavua ya nje hupiga zaidi mistari ya pembezoni. Kwa mbegu ndiyo balaa, maana punje zile ukizipanda nazo zitamwaga chavua iliyochanganyika katikati ya shamba lako.

Kwa hiyo anayetunza mbegu ya Lishe-K1, ambayo si chotara, atenge eneo lake, walau mita 200 kutoka mahindi mengine. Najua vijiji vingi hakuna nafasi hiyo. Basi kubaliana na jirani mpishane kupanda wiki tatu au nne, ili mbelewele zake ziwe zimekauka ndevu zako zinapotoka (na kama yeye kapanda aina inayokomaa upesi au kwa kuchelewa, hesabuni tarehe za kuchanua, si za kupanda). Panda kwa umbo la mraba badala ya ukanda mwembamba kando ya njia. Mahindi ya mistari ya pembeni ni ya kula: yachomwe, yachemshwe, yasagwe. Mbegu itoke katikati, kwenye mimea yenye afya uliyoitia alama ingali imesimama. Kuchagua mahindi makubwa kutoka kwenye lundo ghalani hakukuambii hindi lilikua upande gani wa shamba. Usichukue mahindi kumi tu kwa sababu yamependeza; chukua mamia, usije ukadhoofisha kizazi. Baada ya misimu mitatu hivi, nunua mbegu mpya yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu Tanzania.

Lishe-H1 na Lishe-H2 ni chotara. Hizo nunua kila msimu. Ukirudia mbegu yake, mavuno hushuka.

Mbolea, nafasi na palizi ni kama mahindi mengine, sina la kuongeza. Vuna yakishakauka vizuri, uyahifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, kwani dumuzi hachagui mahindi ya lishe wala ya kawaida.

Jikoni, saga dona. Hata sembe ya mahindi lishe ina nafuu, kwa kuwa ubora uko pia kwenye sehemu nyeupe ya punje, lakini kukoboa bado kunaondoa kiini chenye mafuta na madini. Usiache maharage kwa kudhani uji wa mtoto umejitosheleza. Na kama una nguruwe au kuku wanaokula pumba na mahindi zaidi ya chochote kingine, wape na wao: nguruwe wa mahindi lishe hukua upesi kuliko wa mahindi ya kawaida, ingawa chakula cha kununua chenye soya au dagaa bado huwashinda wote wawili.

Mfuko wa mbegu uandike jina la aina na msimu siku uleule unapoufunga.