Jinsi ya kupima shale kabla ya kuhesabu mapipa

Mtu akikuambia ardhini kuna mabilioni ya mapipa ya mafuta ndani ya shale, ule mwamba wa matope laini yaliyogandamana, muulize: ni mapipa yaliyomo, au yanayoweza kutoka? Mimi husoma sampuli za miamba ya visimani, na hivi ndivyo ninavyomshauri anayeanza.

Pima kaboni ogania kwanza, yaani kaboni iliyotokana na mabaki ya viumbe. Weusi wa mwamba usikuhadae, maana hata pairiti, madini ya chuma na salfa, huutia mwamba weusi. Kaboni hiyo ikiwa chini ya asilimia 2 ya uzito, mimi huwa sitarajii mengi.

Kisha jiulize kama mwamba umeiva. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Mabaki ya mwani hugeuka kerojeni, mata ogania ngumu ndani ya mwamba, na kerojeni hutoa mafuta ikikaa kwenye joto la nyuzi 60 hadi 120 hivi za Selsiasi kwa mamilioni ya miaka. Joto likizidi, mafuta huvunjika yakawa gesi. Ninachokiamini zaidi ni mng'ao wa vitriniti, yaani chembe za mabaki ya miti ambazo huakisi mwanga zaidi kadiri zilivyopashwa joto. Mng'ao ukiwa asilimia 0.6 hadi 1.3, tarajia mafuta. Hadi 2, gesi yenye mafuta mepesi. Kupita hapo, gesi kavu, isiyo na mafuta. Soma chembe nyingi, kwa kuwa zile zilizomomonyoka kutoka miamba mikongwe hupotosha wastani. Na mwamba uliotangulia mimea ya nchi kavu hauna vitriniti kabisa, hivyo tafuta kipimo kingine.

Usiiruke hatua hii. Miamba ya Green River, kule Colorado, Utah na Wyoming, imesheheni kerojeni, lakini ni mbichi. Ili itoe mafuta lazima uipashe joto mwenyewe, na nishati unayotumia uitoe kwenye hesabu.

Halafu angalia kama mwamba utapasuka. Kwatzi na chokaa huvunjika vizuri chini ya maji ya mgandamizo yanayosukumwa kisimani ili kuyafungulia mafuta njia. Udongo wa mfinyanzi hunepa na kuziba nyufa. Ukizidi asilimia 40, nina shaka. Shale ya Barnett, kule Texas, ina silika nyingi, ambayo ndiyo hiyo kwatzi, na bado kampuni ya George Mitchell, iliyochimba kisima cha kwanza humo mwaka 1981, ilifika 1998 ndipo ikapata njia ya kuupasua kwa gharama nafuu.

Unene na mgandamizo wa ndani utavipata kwenye kumbukumbu za kisima.

Mwisho, tenga hesabu mbili. Katika mafuta ya shale, kinachotoka mara nyingi hakifiki hata asilimia 10 ya kilichomo. Mwaka 2014 serikali ya Marekani ilishusha makadirio ya mafuta yanayoweza kutolewa kwenye shale ya Monterey, California, kutoka mapipa bilioni 13.7 hadi milioni 600, kwa sababu tabaka zake zimekunjwa na kukatika mno. Kwa hiyo kabla hujaandika tarakimu yoyote, tafuta visima vilivyokwisha kuzalisha katika mwamba huohuo, usome vilitoa kiasi gani mwaka wa kwanza na vilishuka vipi mwaka wa pili.