Nakili romu za bodi kabla hujaiwasha

Ukipata bodi ya mashine ya zamani ya michezo, hata iliyouzwa Kariakoo kwa bei ya chuma chakavu, usiiunganishe na umeme. Nakili kwanza romu, yaani chipu zenye mchezo. Njia za shaba zikikatika fundi huziunga. Data iliyofutika hakuna wa kuiunga.

Anza na vile vidirisha vya kioo juu ya chipu za EPROM (aina ya romu inayofutika kwa mwanga): vizibe kwa stika nyeusi, maana jua kali hufuta chipu ndani ya wiki moja hivi. Piga picha bodi pande zote mbili, uandike kila chipu ilikaa soketi gani. Ng'oa kwa bisibisi bapa, ukiinua ncha hii kidogo, kisha ile. Ukiharakisha, miguu inakatika, hasa kwa chipu zilizokaa Dar ambako hewa ya chumvi inaila taratibu. Isafishe kwa spiriti ya isopropili, ikauke.

Kisomaji cha chipu kama T48, kinachounganishwa na kompyuta, kinatosha. Chagua aina sahihi ya chipu: 27C256 ina baiti 32,768, na 27C512 ina 65,536. Soma mara tatu, ukichomoa na kurudisha chipu kila mara. CRC32 (namba za kulinganishia faili) zikitofautiana, miguu bado michafu. Faili ikijaa FF tupu (alama ya chipu isiyo na kitu), chipu haijagusa soketi au imeshafutika. Nusu ya kwanza ya 27C512 ikifanana kabisa na ya pili, kagua mguu namba 1, unaobeba A15, laini inayochagua nusu ipi isomwe. Au chipu ni 27C256 na umeisoma kwa ukubwa usio wake.

Sasa ipe MAME, programu ya kompyuta inayoiga mashine za michezo, faili hizo kwa amri `mame -romident`. Isipozitambua, zihifadhi kwa uangalifu zaidi: huenda ni toleo ambalo bado halijanakiliwa, na hilo ndilo la thamani kuliko yote.

Bodi za CPS-2 za kampuni ya Capcom zina betri inayoshikilia funguo za mchezo, yaani namba za kufungulia data iliyofichwa. Betri ikifa, mchezo hauwaki mpaka funguo zirudishwe, kwa hiyo ipime kwa mita mapema.

Kuhusu haki: MAME ni huria, michezo siyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inalinda programu za kompyuta, na kampuni kufa hakufuti umiliki. Kampuni ya michezo ya Data East ilifilisika 2003, lakini michezo yake mingi ilipata mmiliki mwingine, G-Mode. Nakala yako itunze kwenye diski mbili, usiisambaze, wala usitoze watu hela kuicheza kibandani bila ruhusa ya mwenye mchezo. Mchezo wa kujaribia MAME kihalali upo: Gridlee, ambao wamiliki wake wameruhusu upakuliwe bure kwa matumizi yasiyo ya biashara.