Kuinua Pikipiki kwa Jeki Gereji ya Nyumbani

Kabla ya kununua jeki, piga magoti uchungulie chini ya injini. Ukiona mabomba mawili ya fremu yamepita pale, jeki ya mkasi, ile inayopanda kwa mikono inayopishana kama mkasi, inakufaa. Ukiona sampu (bakuli la oili la injini) au ekzosi tu, jeki hiyo iache: alumini ya sampu hupasuka.

Pikipiki ya cc 150 ina kama kilo 120 hadi 150, hivyo jeki ya kilo 450 inatosha kabisa. La maana zaidi ni kufuli ya chuma inayoizuia jeki isishuke, kwa sababu jeki ya haidroliki (inayosukumwa na oili) ikivuja hushuka polepole bila kelele.

Kama utatoa gurudumu, nati ya ekseli (mhimili wake) ilegeze pikipiki ikiwa bado chini. Kuivuta kwa spana ndefu pikipiki ikiwa juu ya jeki ndiko kunakoiangusha. Bana mkono wa breki ya mbele uufunge kwa kipande cha tyubu. Mwenzako aishike pikipiki wima, maana ikiinuliwa ingali imelalia stendi ya pembeni itateleza. Weka ubao wa sentimita 2 juu ya jeki, inua mpaka tairi liachane na sakafu kwa sentimita 3 tu, tia kufuli, kisha itikise taratibu. Ikiyumba, shusha usogeze jeki. Gurudumu la nyuma likitoka, uzito huhamia mbele.