Bela kuukuu ikigoma kufunga fundo

Kama bela yako, yaani mashine ya kufunga nyasi kavu kuwa marobota, ni ya zamani na marobota yanafunguka, usikimbilie kukaza kamba. Zima trekta kabisa, chomoa shafti ya PTO (ile inayopeleka nguvu ya trekta kwenye bela), kisha kague kile kidole cha chuma kinachozunguka na kufunga fundo. Kikikaa muda mrefu bila kazi hushika kutu, na kamba hung'ang'ania pale badala ya kuteleza. Kisugue kwa msasa laini mpaka king'ae, noa kisu kidogo cha kukatia kamba, halafu toa vumbi na vipande vya kamba vilivyojisokota humo ndani. Mara nyingi tatizo huishia hapo. Kamba yenyewe iwe na unene uleule mwanzo hadi mwisho. Ile yenye vinundu itakusumbua hata ufanyeje.

Nyasi zikiwa na unyevu unaozidi asilimia 20, subiri. Huna kipimo? Sokota fungu mkononi: mashina yakipinda bila kukatika, bado. Robota lililofungwa bichi huota ukungu, na yakirundikwa ghalani yanaweza kupata joto hadi yakawaka moto yenyewe. Robota zito kuliko wenzake liweke kando, mahali penye hewa.

Kwenye tela, kila safu ikatize ile ya chini yake, kama fundi anavyopanga matofali. Tela lisilo na breki usilirundike juu sana. Afadhali urudi safari ya pili. Mteremkoni shuka na gia ndogo tangu juu, wala usikanyage klachi njiani.