Jinsi ya kuifanya chesi iwe hobi ya maisha yako yote, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye tayari anajua kete zinavyotembea, farasi anavyoruka, askari anavyokula kwa pembeni na kadhalika, hayo sitayagusa. Nauandika kwa sababu hivi karibuni nilikaa na jamaa yangu anayeipenda sana chesi lakini kila baada ya muda anaiacha kwa hasira, halafu anairudia, anaiacha tena. Nikaona shida yake ni ile ile ya watu wengi: anajifunza kama mtu anayejiandaa na mashindano makubwa wakati anachotaka kiukweli ni mchezo wa kumburudisha miaka yote.

Na miaka yote inawezekana kabisa. Viktor Korchnoi alichukua ubingwa wa taifa wa Uswisi mwaka 2011 akiwa na miaka 80. Yule alikuwa mchezaji wa kulipwa, sawa, lakini niambie ni mchezo gani mwingine mzee wa miaka 80 anakaa mezani na vijana wa nchi nzima na anawafunga. Kwa hiyo usiwe na haraka, muda unao.

Hatua ya 1: Pata ubao wa kweli

Simu ni nzuri lakini usianze na simu peke yake. Tafuta kete za mtindo wa Staunton, hizi za kawaida ambazo zimetumika tangu 1849, usinunue zile za mapambo zenye wanajeshi na majoka maana katikati ya mchezo utashindwa kujua askofu ni yupi. Plastiki inatosha, ila ziwe nzito kidogo chini zisianguke ovyo. Mfalme wa sentimita 9 na nusu hivi na vyumba vya sentimita 5 mpaka 6, hapo macho hayachoki. Ukiupanga ubao, kona ya kulia kwako iwe nyeupe, na malkia akae kwenye rangi yake. Basi.

Hatua ya 2: Chagua muda mrefu

Hapa nina msimamo na sibadiliki. Mtu anayeanza au anayerudi asicheze michezo ya dakika moja wala dakika tatu. Ile inakufundisha kubofya haraka, haikufundishi chesi, na ndiyo inayowachosha watu wengi wakaachana na mchezo wenyewe. Weka dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10, yaani kila ukicheza saa inakurudishia sekunde 10, hivyo hutapoteza mchezo ulioushinda kwa sababu tu muda umekuishia. Wazo hilo la saa ya nyongeza Bobby Fischer, bingwa wa zamani wa dunia, alilipatia hataza mwaka 1989, na kwa maoni yangu limewasaidia wachezaji wa kawaida kuliko vitabu vingi.

Kama ratiba yako imebana, kuna aina nyingine ambayo watu hawaitumii vya kutosha: chesi ya siku. Unapewa siku kadhaa kwa kila hatua, unafungua ukipata nafasi, unafikiria, unacheza, unafunga. Unaweza kuwa na michezo miwili mitatu inaendelea mwaka mzima na haikuharibii kazi wala usingizi. Kwa mtu mwenye watoto wadogo mi naona hii ndiyo namna bora kabisa.

Mahali pa kucheza natumia Lichess, tovuti na apu ya chesi, ni bure yote na haina matangazo. Chess.com nayo iko vizuri na ina watu wengi zaidi, ila vitu vingi vya kujifunzia vinataka ulipie. Ukicheza kwa simu nenda kwenye mipangilio uwashe ile ya kuthibitisha hatua kabla haijaenda, kidole kikiteleza usipoteze malkia bure.

Hatua ya 3: Ufunguzi mmoja, usizidishe

Vyumba navitaja kwa herufi na namba: herufi a mpaka h ni safu kutoka kushoto kwa mweupe, namba 1 mpaka 8 ni mistari kuanzia upande wake. Ukiwa mweupe: askari wa e kwenda e4, farasi f3, askofu c4, mfiche mfalme pembeni pamoja na ngome, halafu cheza. Ukiwa mweusi: akianza e4 jibu e5, akianza d4 jibu d5. Hiyo inakutosha kwa miaka, sitanii.

Kitu kimoja tu cha kukariri, maana kitakukuta ukiwa mweusi. Kuna watu hatua ya pili tu wanamtoa malkia mpaka h5 wakiwinda mfalme wako pale f7. Usikimbilie kumfukuza kwa askari g6, atakula askari wa e5 kwa cheki na ngome yako ya h8 itaondoka nayo. Leta kwanza farasi c6 alinde e5. Akileta askofu c4 ndio sasa unacheza g6, malkia atarudi f3, na wewe unatoa farasi f6. Umemaliza, kete zako ziko nje na malkia wake anahangaika.

Hatua ya 4: Jifunze kumaliza mchezo (usiiruke hii)

Hii ndiyo hatua iliyomla jamaa yangu jioni nzima, na ndiyo watu wanaidharau kuliko zote. Unakuta mtu ana ngome nzima, mwenzake kabaki na mfalme mtupu, halafu anamkimbiza ubao mzima kwa cheki, cheki, cheki, mpaka hatua 50 zinaisha bila kete kuliwa wala askari kusogea, na mchezo unakuwa sare. Au mbaya zaidi anamfungia mfalme mahali hana pa kwenda na hajapigwa cheki, nayo ni sare. Ukipoteza ushindi namna hiyo mara kadhaa hamu ya kucheza inaisha, wakati mfalme na ngome dhidi ya mfalme peke yake haizidi hatua 16 kama kila kitu kinachezwa sawasawa.

Kanuni ya kwanza: acha kutoa cheki. Nasema tena, acha. Kazi ya ngome ni kuwa ukuta. Tuseme mfalme wake yuko e5 na unataka kumsukuma juu mpaka mstari wa 8. Weka ngome a4. Sasa hawezi kushuka mstari wa 4. Iache hapo hapo, leta mfalme wako taratibu.

Kanuni ya pili: cheki inatolewa pale tu wafalme wawili wanapotazamana uso kwa uso, chumba kimoja katikati, na ni zamu yako. Mfalme wake e5, wako e3, ngome a4: hapo ndio unapeleka ngome a5, cheki, na lazima arudi nyuma mstari mmoja kwa sababu d4, e4 na f4 zote mfalme wako anazilinda. Ukuta umesogea. Unarudia hivyo hivyo.

Kanuni ya tatu ndiyo inayowashinda watu. Wafalme wakitazamana lakini ni zamu YAKE, haikusaidii, atasogea pembeni na utaanza kumfukuza upya. Kwa hiyo wewe usiende kumtazama, mfanye yeye ndiye aje akutazame. Unamkaribia mpaka mfalme wako awe umbali wa hatua ya farasi kutoka kwake, na kama ni zamu yako, cheza hatua ya kungoja: sogeza ngome chumba kimoja kwenye mstari ule ule, usibadilishe kitu kingine chochote. Sasa ni yeye anayelazimika kusogea. Ama anakuja usoni kwako na unampiga cheki, ama anakimbilia ukingoni, na ukingoni ubao unaisha.

Panga hii kwenye ubao sasa hivi, usiisome tu: mfalme wako e6, ngome a7, mfalme mweusi f8, zamu yako. Ukitoa cheki a8 anatoka g7 na kazi yote imepotea. Ukipeleka mfalme f6 anahamia e8 na mnaanza kuzungushana. Jibu ni ngome a7 kwenda b7. Hatua ya kungoja, basi. Sasa akienda e8 amekutazama, ngome b8, kwisha. Akienda g8, wewe mfalme f6. Akirudi f8, ngome b8, kwisha. Akiingia kona h8, wewe mfalme g6, hana njia nyingine isipokuwa g8, na ngome b8, kwisha. Cheza hii mara nyingi mpaka mkono uizoee, halafu anza kuiweka kete mbali zaidi katikati ya ubao.

Tahadhari sasa, na zipo kadhaa:

Mfalme wake akiikaribia ngome akitaka kuila, usiipeleke jirani. Iruke upande wa pili kabisa wa ubao kwenye mstari ule ule. Ukuta unabaki pale pale na yeye anaanza safari upya.

Karibu na kona angalia sana. Mfalme wake a8, ngome yako b7, mfalme wako c6 anailinda ngome: kama ni zamu yake, hana pa kwenda na hana cheki, sare. Kabla hujaachia kete jiulize "baada ya hii, ana hatua gani?" Ukikosa jibu na haiko cheki, usicheze.

Kwa malkia hatari ni kubwa zaidi maana malkia anafunga vyumba vingi mno. Mfalme akiwa kona na malkia wako akawa umbali wa hatua ya farasi kutoka kwake, mfano mfalme a8 na malkia b6, tayari ni sare kama yeye ndiye anacheza na hana kete nyingine ya kusogeza. Mfungie tu kwenye mstari wa mwisho, mwachie vyumba viwili vya kuzunguka, ulete mfalme wako akamalize. Kwa malkia haizidi hatua 10.

Na kama unahofia hiyo sare, askari wako akifika mwisho si lazima achukue malkia, unaweza kuchukua ngome. Ila apu nyingi zimewekwa zibadilishe kuwa malkia zenyewe, kazime hiyo kwenye mipangilio kwanza.

Ukishaiweza ngome, jifunze mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme. Cha kushika: mfalme wako atangulie, askari afuate. Mfalme wako e6, askari e5, mfalme mweusi e8, unashinda bila kujali zamu ni ya nani. Lakini mfalme wako e5, askari e4, mweusi e7, hapo zamu ndiyo inaamua: ikiwa yake unashinda, ikiwa yako anapata sare kama anajua anachofanya. Na askari wa ukingoni, a au h, ni habari nyingine, mfalme wake akiwahi kukaa kwenye kona iliyo mbele ya huyo askari hushindi, kwa hiyo usibadilishane kete zote ukabaki na huyo peke yake.

Kufanya mazoezi, Lichess ina sehemu ya kupanga ubao unavyotaka halafu ukacheza na kompyuta kuanzia hapo. Weka kompyuta kiwango cha juu kabisa, cha 8, maana kile cha chini kinajiua chenyewe na hutajifunza kitu.

Hatua ya 5: Uangalie mchezo wako mwenyewe kwanza

Mchezo ukiisha usibofye injini, ile programu ya kompyuta inayochambua hatua, papo hapo. Upitie kwa macho yako, tafuta sehemu moja tu ambapo mambo yalibadilika, jiulize ulikuwa unawaza nini. Halafu ndio umwite Stockfish, injini yenyewe, akuambie. Ukianza naye utaona namba zinapanda na kushuka, utasema "aah kumbe," na kesho umesahau. Sehemu moja kwa mchezo mmoja inatosha.

Hatua ya 6: Ficha reitingi

Reitingi ni namba inayoonyesha kiwango chako. Lichess unaanza na 1500, na hesabu yao si ile ya shirikisho la kimataifa, FIDE, kwa hiyo usilinganishe. Kwenye mipangilio kuna pa kuzima reitingi zisionekane. Zima. Michezo unayocheza ukiwa unaogopa namba kushuka unacheza vibaya, na siku namba ikishuka kweli unanuna wiki nzima kwa kitu kilichotakiwa kukupumzisha.

Hatua ya 7: Tafuta mtu, hata kama hamlingani

Hii ndiyo inayoshikilia hobi yenyewe. Mtu mmoja wa kudumu mezani ni bora kuliko wageni mia mtandaoni. Kama mmoja ana nguvu zaidi, msiache kucheza kwa sababu hiyo, punguzeni tofauti: mwenye nguvu aanze bila ngome moja au bila malkia, au ajipe dakika 3 na mwenzake 15. Mi napendelea kupunguza muda, kwa sababu ubao unabaki kamili na anayejifunza anaona mchezo halisi. Na mtoto usimwachie ashinde makusudi, watoto wanajua. Jipunguzie kete wewe mwenyewe waziwazi, akikushinda mara mbili mfululizo rudisha kete moja.

Mkishazoeana mpaka hatua kumi za kwanza zinafanana kila siku, jaribuni ile aina ya chesi aliyoitangaza Fischer mwaka 1996, kete za nyuma zinachanganywa kwa kura na kuna mipangilio 960. Sheria ni mbili tu: maaskofu wakae rangi tofauti, na mfalme awe kati ya ngome zake mbili. Kete nyeusi zinafuata mpangilio ule ule. Hapo aliyekariri na asiyekariri wanaanza sawa, na mnajikuta mnafikiria kuanzia hatua ya kwanza kabisa.