Kabla ya Kufunga Injini kwenye Baiskeli, Shughulikia Breki

Wengi wanaojiundia baiskeli ya injini hapa Nairobi huanza kwa kusaka injini, kisha tangi, kisha egzosi yenye mlio wa kujionyesha, na suala la breki hulikumbuka wakiwa tayari mteremkoni. Ningependa uanze na breki. Baiskeli ya kawaida iliundwa kwa nguvu za miguu na mwendo wa kilomita 15 au 20 kwa saa. Ukienda 40 badala ya 20, nishati ambayo breki hulazimika kuimaliza ndipo usimame huwa mara nne, wala si mara mbili. Kwa hiyo breki za vyuma za Black Mamba, ile baiskeli nzito ya kizamani, ambazo hata bila injini humlazimu mtu kusaidia kwa soli ya kiatu, hazifai kabisa kwa kazi hii. Tafuta fremu imara ya chuma yenye breki za diski mbele na nyuma. Ukikosa, tumia breki za rimu zilizo na raba mpya, lakini rimu ziwe za alumini, kwa maana rimu za chuma zikilowa huteleza kana kwamba zimepakwa mafuta. Zijaribu kwenye uwanja mtupu baada ya kuzimwagia maji, kwani mvua ya Aprili haitakuuliza kama uko tayari.

Upande wa cheni ndio ulionifunza mimi adabu. Katika vifaa vingi vya bei nafuu vya kufungia injini, sproketi ya nyuma, yaani gurudumu la meno linalovutwa na cheni, hubanwa kwenye spoki kwa vipande vya raba, na kigurudumu kidogo cha kukaza cheni hubanwa kwenye fremu kwa bolti mbili tu. Changu kilijizungusha nikiwa Jogoo Road, kikaingia kwenye spoki, na gurudumu la nyuma likakwama papo hapo. Niliburuzika hadi ukingoni, na ni bahati tu kwamba matatu iliyonifuata ilikuwa mbali kidogo. Tangu hapo nafunga sproketi kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa adapta yake, napunguza pingili za cheni ili nisihitaji kikazio hicho, na panapolazimu kukitumia namwendea fundi stadi wa kuchomelea ili akitengenezee kishikilio kisichoweza kuzunguka. Usitoboe fremu, kwa sababu tundu hilo ndilo ufa utakapoanzia. Ukimaliza, inua gurudumu, lizungushe polepole kwa mkono, uchungulie kutoka nyuma: sproketi ikiyumba au cheni ikivutwa upande, kazi bado.

Injini ya pistoni moja hutetemesha kila kitu, na nati hulegea bila kukupa habari. Tumia nati zenye nailoni, isipokuwa karibu na egzosi ambako joto huiharibu nailoni. Kisha chora mstari mwembamba wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye fremu, ili nati ikisogea hata kidogo mstari ukatike na uone mara moja.

Waya wa mafuta, ule wa kuongeza mwendo, unaweza kukwama ukiwa umevutwa, kwa hiyo weka swichi ya kuzima injini mahali ambapo kidole gumba kinaifikia bila kuachilia usukani. Mpira wa petroli usipite karibu na egzosi, na chupa ya soda si tangi, hata kama jirani yako anaitumia.

Barabara za umma ni suala jingine: chombo chenye injini huhitaji usajili, bima na leseni, basi ulizia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla ya kutoka getini. Helmeti iwe ya pikipiki, wala si ile nyepesi ya baiskeli.

Safari ya kwanza iwe fupi, kilomita mbili au tatu. Ukirudi, kagua ile mistari ya rangi, kisha gonga spoki mojamoja kwa spana ndogo. Iliyolegea hutoa sauti nzito kuliko wenzake, na hiyo uikaze kabla ya kuwasha injini tena.