Somo: Kulisoma na kulitundika pazia la kale la kitanda lenye nakshi ya nili

Karne ya 18 mapazia haya yalizungushiwa vitanda vya watu wenye uwezo. Mengi yaliyobaki yamepatikana Marekani, huko New York kando ya mto Hudson, na Connecticut: maua makubwa na ndege, bluu mbili juu ya nyeupe. Wataalamu wamebishana sana kama yalichapwa hukohuko, Uingereza au India. Ubishi huo tuwaachie. Sisi tusome kitambaa.

Hatua ya 1. Kigeuze. Kabla hujasikiliza hadithi ya muuzaji, tazama mgongo. Nili, rangi ya bluu itokanayo na mmea, haiyeyuki katika maji matupu. Ni lazima kwanza iondolewe oksijeni ndani ya pipa. Kitambaa kizima kilizamishwa humo, kikatoka na rangi ya kijani-njano, kikageuka bluu hewani huku mtu anakitazama. Palipopakwa nta au uji mzito wa kukinga pakabaki peupe. Pipa lilikuwa baridi, maana la moto lingeyeyusha nta. Kwa hiyo bluu ya mgongoni hukaribia ya mbele. Ikiwa imefifia sana, rangi ilichapwa juujuu. Ukikuta bluu mbili, jua kinga ilipakwa mara mbili: ya kwanza kulinda nyeupe, ya pili kulinda bluu hafifu.

Hatua ya 2. Tafuta maungio ya kibao. Kinga iligongwa kwa kibao cha mbao kilichochongwa, kikirudiwa kando kwa kando. Majani hayakutani sawasawa, pana kiufa chembamba. Vidoti vyeupe ni alama za misumari midogo iliyopigiliwa kwenye kibao. Niliwahi kuona ua lililopungukiwa kidoti kimoja, na kila kibao kilipojirudia pengo lilikuwa palepale. Msumari uling'oka, mchapaji akaendelea na kazi.

Hatua ya 3. Tazama ukingo uliofumwa, si upindo wa kushona. Kati ya 1774 na 1811 sheria ya Uingereza ilitaka pamba ya huko ya kuchapwa iwe na nyuzi tatu za bluu ukingoni. Kwenye nili nyuzi hizo humezwa, basi zitafute pale nakshi nyeupe inapogusa ukingo.

Hatua ya 4. Vumbi tu. Tandika kipande cha chandarua juu yake, fyonza kwa mashine iliyopunguzwa nguvu.

Hatua ya 5. Kutundika. Usitumie pini wala klipu. Shonea utepe mpana wa pamba juu, uzito ugawanyike, na taa iwe hafifu. Makumbusho hushikilia luksi 50, luksi ikiwa kipimo cha mwanga.

MASWALI

Mwalimu, nikilifua kwa maji baridi na sabuni ya mche?
Hapana, dada. Doa la kale likilowa husambaa na kuacha mstari wa kahawia usiotoka.

Shikamoo mwalimu. Kaniki ya bibi ilikuwa inapaka mikono. Pazia likipaka ni feki?
Marahaba. La. Nili hung'ang'ania juu ya uzi tu, ukisugua inatoka. Hata mpya hupaka, kwa hiyo usiitumie kukisia umri.

Walikuwa wanazuia mbu?
Baridi, ndugu yangu. Hata chumba chenye moto kilipoa usiku, na pazia likifungwa joto la walalaji linabaki ndani. Tena watu walipitapita chumbani.

Langu lina viraka. Nivitoe?
Viache. Lakini mshono ukiwa umeachia wenyewe, chungulia chini yake kwa tochi. Huko jua halikufika tangu kiraka kishonwe, utaiona bluu iliyo karibu zaidi na ya siku ya kwanza.